Kuiba na Kuibia: Mwaka Wangu wa Murukulazo

Juma lililopita mwanamke mmoja wa makamo alisimama mlangoni pangu hapa Biharamulo, akafunga mwavuli, akaniamkia shikamoo. Nilipoitika marahaba akasema ametoka Murukulazo, kwamba yeye ni binti wa Leokadia, na kwamba wamemzika mama yake siku tisa zilizopita. Nilimkaribisha ndani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha, akanywa chai nusu kikombe. Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kunitaja. "Alikutaja, mzee. Alisema ulikuwa mwalimu wake." Alisema nini zaidi? "Hilo tu. Nimekuja mjini kwa shughuli zangu, nikaona si vizuri nipite bila kukuarifu." Nami, kwa kutaka mazungumzo yasife, nikasema kwamba katika watoto wote niliopata kuwafundisha hakuna aliyekuwa na Kiswahili kizuri kama cha mama yake. Aliniangalia kwa huruma, vile tunavyoangaliwa sisi wazee tunapochanganya majina ya watu. "Labda ni mwingine, mzee. Mama yangu hakujua Kiswahili. Hata sokoni tulikuwa tunamsemea sisi." Sikubishana naye. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikakaa, na tangu siku ile nimekuwa na mwaka mmoja tu kichwani, mwaka wa ujana wangu ambao kwa miaka mingi nilijitahidi kuupita kwa mbali, kama mtu anavyoipita nyumba aliyokosana na wenyewe.

Namna babu zangu walivyotoka pwani na robota za nguo wakafungua duka huku bara ni habari nyingine, na haiingii hapa. Inatosha kusema kwamba nilizaliwa ndani ya Kiswahili kama samaki anavyozaliwa ndani ya maji, na kwamba nilipofika miaka kumi na tisa, wakati wa Mwingereza, kabla ya vita ile ya pili, jambo hilo lilihesabiwa kuwa ujuzi. Kule Ngara walitaka mtu wa kuwafundisha vijana Kiswahili cha barua na cha baraza. Nikaajiriwa. Nilikwenda kwa miguu na kanzu mbili, msala, na sanduku la bati lenye chaki. Shule, pale Murukulazo, ilikuwa chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, madirisha matatu yasiyo na mbao, na mvua iliponyesha kwa upepo tulisogeza mabenchi yote upande mmoja tukasoma tumebanana kama kuku. Chumba changu kilikuwa nyuma yake, na kati yangu na Mwalimu Gervasi, mtu wa pale pale aliyefundisha hesabu na dini, palikuwa na ukuta wa matete tu. Gervasi alikuwa mtu mzima, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Wageni wake walipokuja niliwasikia wakizungumza Kihangaza, lugha ya kule, kwa saa nzima, sauti zikipanda na kushuka, wakicheka, wakinyamaza, na mimi nimelala chali upande wa pili nikisikia kila kitu na kuelewa "mwarimu" peke yake. Sikujali. Niliona wao ndio wenye kazi ya kuja kwangu, si mimi kwenda kwao.

Wanafunzi walikuwa ishirini na sita, wengi wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba, wavulana wenye sauti zinazokatika katikati ya neno na wasichana watano walioketi benchi la mbele. Kitu kilichotushinda mwaka ule hakikuwa maneno magumu. Maneno magumu waliyameza. Kilichotushinda ni kutaja mtu wa pili katika tendo, yule ambaye jambo linafanywa kwa ajili yake au dhidi yake. Nilimwambia kijana aandike kwamba mama yake amempikia ndizi, akaandika: Mama amenipika ndizi. Mwingine akaandika kwamba amemuuza mjomba wake ng'ombe, kwa maana kwamba mjomba alikuwa mnunuzi. Nilisoma sentensi hizo kwa sauti mbele ya darasa nikauliza kama mjomba alikuwa na pembe. Walicheka, maana mwalimu anacheka. Kisha nikawaimbisha: pika, pikia, leta, letea, andika, andikia, uza, uzia, iba, ibia. Waliimba vizuri mno. Ng'ambo ya bonde wanawake waliokuwa wakilima walisimama wakasikiliza. Lakini wimbo ulipokwisha na kijana akatakiwa kusema jambo lake mwenyewe, kile kisilabi kidogo kilimponyoka, na mimi sikujua la kufanya ila kuimbisha tena kwa sauti kubwa zaidi.

Leokadia alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa mjane aitwaye Melania. Alikuwa mwembamba, mwenye tabia ya kutazama mdomo wa mtu anayesema. Alijifunza Kiswahili kwa namna ambayo sijaiona tena. Neno nililolisema Jumatatu kwa bahati mbaya, Jumatano nilikuta amelitumia mahali pake. Siku moja alisimama kushtaki kwamba jirani yake amechukua kijiti chake cha kuandikia. "Mwalimu, huyu ameniiba." Nikaweka chaki chini. "Amekuiba? Mbona nakuona hapa? Au wewe ni kivuli, Leokadia mwenyewe amefungwa guniani?" Darasa zima lilivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama, macho kwenye mdomo wangu, akasema polepole, "Ameniibia." Nikamwambia vyema, kaa. Jioni ile Gervasi alinigongea kwenye matete. "Mwalimu, lile la leo si ujinga. Kwetu sisi, aliyeibiwa ndiye anayeibwa. Ndivyo tunavyosema, tangu zamani. Mtoto hafikirii vibaya, anafikiri kikwetu." Nilimjibu kwamba asante, lakini hapa tunafundisha Kiswahili. Akasema haya, akarudi kwenye rozari yake. Nilikuwa kijana. Siandiki hivi kujitetea. Ujana wangu ndio uliomjibu Gervasi, na ndio ulionisimamisha mahali niliposimama mwezi wa nane.

Mwezi wa nane, kiangazi, nyasi zimekauka na vumbi limekaa juu ya majani ya migomba, Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyezunguka kuamua mashauri ya watu, alikuja safari. Alipiga hema kwenye uwanja wa shule, meza ikawekwa chini ya turubai, bendera ndogo, na kando yake karani, mtu wa Tabora, kanzu safi, mwandiko mzuri kuliko wangu. Watu walikuja na mashauri yao toka alfajiri wakaketi kwenye nyasi. Asubuhi hiyo hiyo ikasemwa kwamba mkalimani ameshikwa na homa njiani na hawezi kusimama. Gervasi alikuwa amekwenda kijiji cha Mugoma mazikoni. Karani alitazama huku na huku akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua Kihangaza na Kiswahili cha watu wenye akili. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilijitokeza mwenyewe. Nilisema, "Ninaye mwanafunzi." Nilipomleta Leokadia wazee walinung'unika kwamba msichana asimame mbele ya baraza kuwasemea wanaume, lakini Bwana Shauri alicheka, akasema aseme tuone. Akasema. Shauri la kwanza lilikuwa la mpaka wa shamba, la pili la ndama, la tatu sikumbuki. Alisimama ameshika mikono nyuma, akasikiliza upande huu, akageuka, akaeleza upande ule, na Kiswahili kikamtoka safi, kimepangwa, chenye heshima. Bwana Shauri alinigeukia. "Huyu toto nasema vizuri sana, mwalimu." Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kufurahi vile. Nilihisi joto masikioni.

Shauri la nne likaitwa, na aliyesimama alikuwa Melania, mama yake Leokadia. Hilo sikuwa nimelijua. Kijana mmoja wa jirani, Sebastiani, alikuwa amelichukua jembe la Anastazia, dada mkubwa wa Leokadia, kutoka shambani bila kuomba. Alikwenda nalo Mugoma kulima kwa baba yake mgonjwa, akakawia nalo. Melania alikwisha kumsema mara mbili. Alikuja barazani ili kijana aonywe mbele ya watu, basi. Na Sebastiani alikuwa amekuja na jembe lenyewe begani, amelitia mpini mpya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Leokadia kusema la mama yake mwenyewe. Niliona mikono ikitoka nyuma ikashika kitambaa cha nguo. Akasema, "Mama anasema Sebastiani alimwiba dada yangu shambani." Kisha akanitazama. Alinitazama usoni, waziwazi, kama alivyofanya darasani alipotaka kujua amepatia au amekosea. Nami nikatikisa kichwa kumkubalia. Wallahi sikuwa nasikiliza alichosema. Nilikuwa nasikiliza jinsi alivyokuwa akisema, na jinsi Bwana Shauri alivyokuwa akisikiliza.

Karani aliinua kalamu. "Alimwiba shambani?"

"Ndiyo, bwana. Alimwiba."

"Dada yako ana umri gani?"

"Kumi na minane."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko Urundi, bwana." Naye alikuwa kweli Urundi, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yao aliyejifungua, amekwenda kumsaidia.

Karani akamgeukia Bwana Shauri, wakazungumza Kiingereza. Nilimwona yule Mzungu akikaa vizuri kwenye kiti na uso wake ukibadilika. Tulikuja kusikia baadaye kwamba kulikuwa na malalamiko ya mabinti kuvushwa mpakani, na kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kumwadhibu ili wengine waone. Leokadia akasema, "Na jembe, bwana. Mama anataka jembe." Karani akaandika, akisema kwa sauti anapoandika, "Na jembe pia." Hapo ndipo nilipoelewa. Kama ningesema papo hapo. Nilivuta pumzi ya kusema, nikaiona furaha ya asubuhi ile yote imekaa juu ya meza pamoja na ule wino, nikaiachia pumzi. Karani alimwuliza Sebastiani kama ni kweli. Neno "kweli" alilijua. Alipiga magoti, akaliweka jembe chini mbele yake kwa mikono miwili, akasema, "Kweli, bwana. Kweli." Akahukumiwa mwaka mmoja na nusu. Askari wawili walimfunga mikono. Watu kwenye nyasi walianza kuulizana kwa sauti ya chini, na Melania alikuwa akimvuta Leokadia mkono, anarudia swali moja. Nalo nililielewa bila kujua Kihangaza. Alikuwa akiuliza: kwa jembe?

Nilimwendea karani alipokuwa akifunga madaftari. "Bwana karani, yule mtoto amekosea neno. Alitaka kusema alimwibia. Kilichoibwa ni jembe, si mtu." Alinisikiliza hadi mwisho, bila hasira. "Mwalimu," akasema, "Bwana Shauri amekwisha tia saini. Unataka niingie humo hemani nikamwambie kwamba mwanafunzi uliyemleta wewe mwenyewe, aliyemsifu yeye mwenyewe, hajui Kiswahili? Na mshtakiwa amekiri. Na binti hayupo." Nikasema niingie mimi. "Ingia," akasema, "lakini anaoga." Nilisubiri. Aliyetoka ni mpishi, akaniambia Bwana amechoka, niende shuleni. Siku ya pili alfajiri hema lilikuwa limeng'olewa. Leokadia alinikuta nimesimama pale uwanjani. "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nilimwambia. Hakulia. Alisema tu, "Lakini ulikubali," akaondoka.

Nilimfuata Bwana Shauri na watu wake. Siku nne kwa miguu, nikilala kwa watu, nikapita pori lenye mbung'o hadi shingo ikavimba, kwa kuwa niliambiwa safari inaelekea Nemba. Nilifika Nemba nikakuta matundu ya vigingi ardhini na majivu ya jiko, bado yana joto. Mama mmoja aliyekuwa akianua mtama aliniambia wameondoka asubuhi, akanipa viazi vitamu viwili, akakaa akinitazama nikila, na mimi nilikula nikiona haya kwamba nina njaa. Nikarudi. Nikaandika barua, na nadhani sijawahi kuandika Kiswahili kizuri vile. Nilieleza tofauti ya kuiba na kuibia kwa mifano, kama nilivyoieleza ubaoni. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mistari mitatu, kwa mwandiko ule ule mzuri wa karani: barua imepokelewa, shauri limekwisha, walimu washughulike na shule.

Tumaini letu lote likawa Anastazia. Gervasi alimtuma mtu Urundi, na mwezi wa kumi akarudi, mzima, mcheshi, haelewi kwa nini watu wanamshika mikono njiani. Tulikwenda naye bomani, yeye na mama yake na Gervasi na mimi. Bwana Shauri alikuwa mpya, wa zamani amekwenda likizo kwao. Safari hii mkalimani alikuwepo, mtu mzima, hodari, na Anastazia alisema kwa kirefu kwamba hakuna aliyemwiba, kwamba alikwenda kwa shangazi yake kwa hiari, kwamba Sebastiani ni jirani yao tangu utotoni. Kila neno lilifasiriwa sawasawa. Nilihakikisha. Yule Mzungu alifungua faili, akasoma, akamtazama msichana, akatabasamu kwa upole wa kweli. "Wakisharudi nyumbani wote husema hivyo, kwa aibu," akasema. "Muhimu amerudi. Hukumu imefanya kazi." Akamwambia mkalimani amwambie Melania kwamba serikali imefurahi. Mkalimani akamwambia. Melania akapiga makofi kidogo ya shukrani, kama desturi inavyotaka, machozi yakimtiririka.

Siku hiyo hiyo, katika njia ya kurudi, tulikuta wafungwa wakifyeka nyasi kando ya barabara, na Sebastiani akiwa mmoja wao. Amekonda, kichwa kimenyolewa. Askari alikuwa mtu wa huruma, akageuka akawasha kiko. Wenzangu walimsemesha kwa lugha yao, Anastazia akiongea mbiombio, naye akiitika, "Ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo. Halafu akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili alichokiokota gerezani, "Mwarimu. Mimi niriambiwa nimeiba mutu. Ni vipi?" Basi nikamweleza. Nilisimama barabarani, kanzu imejaa vumbi, nikamfundisha somo lile: iba, ibia. Nikamwambia kwamba kuna silabi moja ilikosekana. Alisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi wangu yeyote. "Moja tu?" "Moja tu." Alifikiri, amekishika kile kifyekeo. "Basi, mwarimu, kama ni moja tu, iongezeni." Askari akakohoa, akasema twende. Tukashika njia. Sebastiani alimaliza kifungo chake chote. Baba yake alikufa kabla, shamba la Mugoma likaota kichaka, na alipotoka alipitia nyumbani siku mbili akaenda zake Uganda kuvuna pamba, kama walivyokwenda vijana wengi. Nimesikia alizaa huko. Nimesikia pia kwamba hakuzaa.

Mwisho wa mwaka nilikwenda kwa Melania. Leokadia hakuwa amekanyaga shule tangu siku ya baraza, na nilikuwa na barua ya ruhusa ya kwenda kusomea ualimu Biharamulo, na jina ningeweza kuandika la mtu yeyote. Nilitaka kuandika lake. Melania alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililonishinda. "Karibu, mwarimu, karibu." Walinipa kigoda. Walikamata kuku wakaniletea pamoja na kisu nichinje mwenyewe, maana walijua mimi ni Mwislamu, kisha wakampika kwa ndizi na chumvi. Nilikula ndani ya kile chumba cha mviringo chenye giza la kupoza macho, moshi ukipanda polepole kwenye nyasi za paa, ndama mdogo amefungwa nguzoni, na nyuma ya kiambaza cha matete nikawasikia Melania na Leokadia wakizungumza. Mama alikuwa anasihi. Mtoto alijibu kwa neno moja moja. Nilimsikia mama akisema jina langu la kazi, mwarimu, mara tatu. Niliwaza kwamba mwaka mzima nimelala nikisikia lugha hii kupitia ukuta kama huu, na kwamba kama ningejisumbua kujifunza hata robo yake, ningemjua mtoto huyu ana maana gani anapofungua kinywa. Nilikuwa nimewafundisha watoto ishirini na sita namna ya kumtaja anayefanyiwa jambo. Kumtazama, sikuwafundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua.

Leokadia ndiye aliyenisindikiza. Tuliteremka kati ya migomba hadi kwenye kijito, yeye mbele, kichwani ana chungu cha kurudishia maji. Nilimweleza habari ya barua. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba mimi ndiye niliyetikisa kichwa, kwamba yeye ana kipaji na ni dhambi kukizika. Nilisema mengi. Alitua chungu kwenye jiwe, akanigeukia, akaanza kusema kwa Kihangaza. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa utaratibu, kama alivyosema mbele ya ile meza, akisimama mahali pa kusimama, akiinua kidole mara moja, akigusa kifua mara moja, na alikuwa akinitazama machoni, si mdomoni. Ilikuwa hotuba ndefu. Ndani yake nililisikia jina la Sebastiani, na la mama yake, na mwarimu. "Leokadia," nikasema, "sema kwa Kiswahili, mwanangu. Nakuomba." Alinisubiri nimalize, kisha akaendelea kwa Kihangaza hadi akafika mwisho wa maneno yake. Akateka maji. Nilimsaidia kukiweka chungu kichwani, akanishukuru kwa kuinamisha macho tu, maana kichwa kilikuwa na mzigo, akapanda kilima.

Kihangaza nilikuja kujifunza baadaye, nilipoacha ualimu nikarudi dukani, kwa miaka mingi na kwa shida, kutoka kwa wateja. Leo nakisema vya kutosha. Mara nyingi nimejaribu kuyarudisha masikioni yale maneno ya kijitoni ili niyaelewe, na hayarudi. Narudishiwa sauti ya maji, na ile sura, na mkono uliogusa kifua. Alichoniambia sikijui.